Nitwishe, Mwanangu

Watu wakisikia kwamba nilipanda mlima wa Ikuyu peke yangu, alfajiri, hudhani nilikuwa nimetumwa na mganga. Hapana. Nilipanda kwa sababu nilikuwa nimechoshwa.

Ilikuwa Juni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ofisi za serikali zinapunguza watu na maduka ya Dodoma yamejaa ghafla vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Mimi, Elieza, nilikuwa karani, naishi Nkuhungu, na mke wangu Zipora alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao ni Mlali, kule Kongwa. Mama yake alituma neno kwamba mtoto wa kwanza atazaliwa nyumbani. Zipora akakubali. Mimi nilikuja kuulizwa mambo yameshaamuliwa.

Nikaomba likizo, tukaenda. Tukakaa. Siku za mtoto zikafika, zikapita. Nesi Dorothea wa zahanati alikuwa akija, anamsikiliza mtoto kwa kile kipimo chake kama baragumu dogo, anasema, "Anacheza vizuri. Bado tu." Kila nilipotaka tumpeleke hospitali ya wilaya, shemeji yangu Matonya alinitazama kama mtu niliyemtukania ukoo.

"Mama kasema hapa, shemeji."

"Kwa nini hapa?"

"Ndo hivyo, shemeji."

Hilo "ndo hivyo" ndilo lililonila roho. Lilikuwa jibu la kila kitu. Kwa nini kuni zinaletwa kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya bonde, na msitu uko nyuma ya nyumba? Ndo hivyo. Kwa nini wanawake hawapiti nyuma ya kanisa? Ndo hivyo.

Kumuuliza mama mkwe mwenyewe haikuwezekana. Kwa heshima ya kule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kusikia neno lake likielekezwa kwangu. Akinikuta njiani aligeukia pembeni mpaka nipite. Akitaka nijue jambo, aliwaambia kuku, nami nikasikia.

Na mbele yangu, kutwa nzima, ule mlima. Mimi nimezaliwa Upareni, nimekulia kwenye miteremko. Nilikuwa nimekaa miaka kwenye tambarare ya Dodoma, vumbi na upepo, na hapa palikuwa na mlima wa kweli, wenye msitu mweusi na ukungu kileleni, na mimi nimekaa kwenye kigoda nasubiri watu wasionijibu.

Alfajiri ile niliamka jogoo wa kwanza akiwika. Nikavaa sweta na raba zangu za mitumba.

"Unaenda wapi?" Zipora aliuliza gizani. Hakuwa amelala.

"Kunyoosha miguu. Mlimani. Jua likipanda nitakuwa nimerudi."

Akachukua mkono wangu, akauweka tumboni mwake, upande wa kushoto chini ya mbavu, pale mtoto alipopenda kupiga. Akapiga. Mara mbili za haraka, kisha moja ya pole pole. Ndivyo alivyokuwa akipiga kila siku.

"Usipite njia ya kuni," Zipora akasema.

"Ipi hiyo?"

"Ile pana. Na ukiombwa kitu..." Akaacha.

"Nikiombwa kitu, nini?"

"Basi tu. Nenda, urudi."

Nilitoka nimekasirika. Jikoni, mama mkwe alikuwa ameshainama anapuliza moto. Aliposikia hatua zangu alijifunika kanga usoni, akawaambia kuku kwa sauti ya chini, "Mwambieni mtu asubiri jua."

Kuku hawakuniambia kwa nini. Nikaenda.

* * *

Mwanzoni nilifurahi, sitasema uongo. Nilipita mashamba ya mtama uliokwisha kukatwa, mabua yamelala na umande. Baridi ilikuwa inauma masikio. Ardhi ikaanza kuinuka, miguu ikakumbuka kwetu. Miti ikawa mirefu, ndege wakaanza kuamka mmoja mmoja.

Kisha njia ikagawanyika. Ya kulia ilikuwa finyu, imefungwa na miiba ya mikwata. Ya kushoto ilikuwa pana, imekanyagwa ikalainika kama ua wa nyumba.

Nilijaribu ile finyu. Haki ya Mungu nilijaribu. Mwiba ukanichana shavu, mwingine ukashika sweta, nikatukana, nikarudi nyuma. Njia nzuri iko pale, na mimi nitoke damu kwa sababu watu hawataki kumalizia sentensi zao?

Nikashika ile pana.

Nilitembea kwa muda kabla ya kugundua kwamba ndege wamenyamaza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina. Halafu kukaja harufu. Haikuwa ya msitu. Ilikuwa ya mafuta ya nyonyo, na damu, na kitu kama maziwa ya kwanza... Niliijua. Ni harufu ya chumba cha mzazi. Dada yangu alipojifungua, nyumba yetu nzima ilinuka hivyo.

Mbele yangu kidogo, mtu alisafisha koo.

Alikuwa mwanamke. Amevaa kaniki, amenipa mgongo, ngata ya majani mabichi iko kichwani tayari. Miguuni pake palikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba za magome.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kuamsha wengine. "Nitwishe."

Nani hajawahi kumtwisha mama mzigo? Nikainama. Ulikuwa mwepesi mno, kana kwamba kuni zile hazikuwa na kiini. Nikamwekea kichwani. Hakushukuru. Akaenda zake kwenye ukungu, nami nikaendelea kupanda nikijiambia kwamba hilo ndilo Zipora alilokuwa akiliogopa, wazee kuomba msaada.

Njia ikapinda.

Alikuwa amesimama mbele yangu. Mgongo. Kaniki. Mzigo chini.

"Nitwishe, mwanangu."

"Mama, si nimekutwisha sasa hivi?"

"Umeanguka."

Nilidhani kuna njia ya mkato. Nikamtwisha. Safari hii mikono ilisikia uzito. Akaondoka. Nikaongeza mwendo, nikipanda karibu kwa kukimbia, ili nimwache nyuma kabisa.

Njia ikapinda.

"Nitwishe, mwanangu."

Sikuogopa hapo. Nataka mnielewe. Nilikasirika. Nilikasirika kama mtu anayezungushwa dirisha hadi dirisha ofisini, kila dirisha lina sura ile ile. Nikamtwisha kwa nguvu, karibu nimsukume, nikageuka kurudi nilikotoka. Nikashuka. Njia inayoshuka haiwezi kumleta mtu anayepanda, si ndiyo?

"Nitwishe..."

Nikaacha njia. Nikajitupa kichakani, miiba inachana suruali, ninashuka kwa kufuata mteremko tu, huku nikisema kwa sauti majina ya watu wote walioninyima jibu. Nikaanguka. Nikainuka. Nikatokea kwenye uwazi.

Palikuwa papana. Palikuwa pamelainika.

"Mwanangu. Nitwishe."

"Unataka nini?" nilipiga kelele. "Sema! Unataka nini?"

Hakugeuka. Lakini nilimsikia akihema, na pumzi zake zilikuwa za mtu aliyebeba kwa muda mrefu sana.

"Nimechoka," akanong'ona. "Bado kidogo tu. Ukinitwisha hii nafika."

"Unafika wapi?"

"Kwangu."

Nikainama. Nilikuwa nataka yaishe. Nikapitisha mikono chini ya mzigo, nikauinua mpaka kifuani. Ulikuwa mzito kama mtu. Na ulikuwa wa moto. Si moto wa jua, kwa maana jua halikuwepo. Ulikuwa na joto la mwili.

Kuni zikapiga.

Mara mbili za haraka.

Kisha moja ya pole pole.

Nilisimama na mzigo ule kifuani. Mkono wangu ulikuwa unalijua pigo lile. Nilikuwa nimelishika saa hiyo hiyo niliyotoka kitandani, chini ya mbavu za mke wangu.

Yule mwanamke aliinamisha kichwa kidogo ili nimwekee. Ngata ilikuwa mbichi, umande unadondoka. Alikuwa anasubiri kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kukataliwa.

"Hapana," nikasema.

Hapo akageuka.

Nilitegemea jambo baya. Heri lingekuwa baya. Ulikuwa uso wa msichana, umevimba kidogo kama wa wajawazito, na macho yamelegea kwa uchovu. Na nilikuwa nimeuona mahali. Nilikuwa nimeuona kwa kuibia tu, upande upande, chini ya kanga jikoni.

"Zangu hizo," akasema.

Nikajitwisha mwenyewe. Bila ngata, magome yanakwaruza fuvu. Nikakimbia.

Njia haikupinda tena. Ilishuka moja kwa moja kama kamba. Nyuma yangu sikusikia hatua, ila ile sauti, karibu na sikio, haikupanda wala kushuka. "Mwanangu... kuni zangu... mwanangu..." Mzigo ulikuwa unapiga kichwani mwangu, polepole, polepole zaidi. Shingo ilikuwa inakatika. Nilimuomba Mungu wa Upareni na wa Mlali na wa mahali popote asiache yale mapigo yakome.

Nilipotoka msituni, jua lilikuwa linachomoza. Sauti ikakatika pale pale kwenye ukingo wa miti.

* * *

Matonya alinikuta mashambani akiwa juu ya baiskeli, macho mekundu.

"Shemeji ulikuwa wapi? Zipora kashikwa na uchungu! Tangu umetoka tu!" Kisha akauona mzigo. Akashuka kwenye baiskeli, akaiacha ianguke, akarudi kinyumenyume.

Uani, nesi Dorothea alikuwa ametoka nje na kile kipimo chake mkononi. Aliongea bila kunitazama, kama mtu anayejisemesha. "Sielewi. Tumbo linapungua. Naliona kwa macho yangu linapungua. Damu hakuna, maji hakuna, na mtoto simsikii."

Nikataka kuutupa ule mzigo niingie ndani.

"Usitue!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kanga ilikuwa imeanguka mabegani, kichwa wazi, na alikuwa ananitazama usoni. Mimi. Moja kwa moja.

"Umemtwisha mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Ya mwisho ulimtwisha?"

"Ya mwisho nilikataa. Nikachukua mwenyewe."

Akafumba macho. "Ingia," akasema. "Ziweke kando yake. Taratibu. Taratibu, baba."

Nikaingia mahali ambapo mwanamume haingii. Zipora alikuwa amelala, jasho linamtoka, shuka limelala bapa juu ya tumbo ambalo jana halikuruhusu hata avae viatu mwenyewe. Alikuwa anasema neno moja, "mzito, mzito," na hakunitambua. Nikautua mzigo kwenye mkeka. Haukuwa unapiga tena.

Nikashika fundo. Halikufunguka. Kucha zilikatika, damu ikaingia kwenye magome, halikulegea hata kidogo. Matonya akaleta kisu.

"Usikate!" mama mkwe akasema. "Pisha." Akapiga magoti karibu nami, bega kwa bega, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa aibu ya ukoo mzima. "Fundo hili ni la kwetu. Tulifundishwa wote wawili."

"Wawili nani, mama?"

Akajibu, huku vidole vyake vikitafuta mwanzo wa kamba.

"Dada yangu, Miriam. Tulikwenda kuni, mimba yake imekomaa. Akaniambia nitwishe. Mimi nilikuwa nimeshajitwisha, tena nilikuwa nimekasirika naye kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Nikamwambia, jitwishe. Nikatangulia." Akavuta. "Jioni hakurudi. Walikuta kuni tu."

Fundo likaachia.

Kuni zikatawanyika kwenye mkeka. Zilikuwa kuukuu, zimeliwa na mchwa, nyingine zikamomonyoka na kuwa unga. Hakukuwa na kingine ndani. Hakuna kitu. Nikawaza, basi, nimebeba takataka, nimefika na takataka.

Halafu Zipora akapiga yowe, nesi akanisukuma nje kwa mikono miwili, na kabla sijafika kwenye kizingiti nilimsikia binti yangu akilia.

* * *

Ningependa kuishia hapo. Nesi Dorothea alisema ni mtoto mzima, mwenye uzito mzuri, na kwamba yeye hataandika popote alichokiona. Tulimwita Anitha. Majirani wakaja, vigelegele vikapigwa, uji ukakorogwa.

Katika shangwe ile nilimwona mama mkwe ameinama chumbani, anaokota zile kuni. Anaokota hata vijiti, hata unga anaukung'utia kwenye kanga. Akafunga upya.

"Unafanya nini, mama?"

"Ni za mwenyewe hizi. Zikilala hapa atazifuata."

"Nitazirudisha mimi."

"Wewe hakukuomba." Alikuwa hanitazami tena, ameshajifunika. "Miaka yote alikuwa ananiomba mimi. Nyinyi wengine mlikuwa mnapita katikati tu."

Nilipaswa kumzuia. Lakini Zipora aliniita nimshike mtoto, nikageuka, na nilipotoka nje mama hakuwepo. Mwanamke mmoja alisema amemwona akipita nyuma ya kanisa kuelekea mlimani, mchana kweupe, mzigo kichwani, anatembea haraka kama mtu aliyechelewa.

Alasiri hakuwa amerudi. Wanaume waliokuja kutusaidia waliishia kwenye ukingo wa miti, wakasema wanaangalia huku chini. Tukaingia mimi na Matonya. Na pale kwenye njia pana tukasikia shoka. Ko... ko... ko... Kisha sauti za wanawake wawili wakizungumza Kigogo. Mmoja akasema kitu, mwingine akacheka.

"Mama!" Matonya akaita.

Shoka likakoma.

Kisha shoka tena, juu zaidi. Tukapanda. Wakawa juu zaidi. Tulipokaribia walihama, tuliposimama walikata. Matonya aliita mpaka sauti ikakauka, mwishowe akakaa chini katikati ya njia, akalia kama mtoto mdogo. Mimi nilitukana ule mlima kwa Kipare. Sikuwa na kingine cha kufanya. Giza lilipoanza kuingia tukashuka bila mtu.

Kituo cha polisi walisema bibi amepotea msituni. Mchungaji aliomba juu ya kanga yake, kwa kuwa hapakuwa na mwili. Ni hayo tu niliyoambiwa, na nimeuliza kila niliyeweza kumuuliza. Alikufa? Alichukuliwa? Alikwenda mwenyewe? Hakuna anayejua, na anayejua hasemi.

Sasa Anitha yuko shule. Nasikia kule Mlali siku hizi wanawake wanakata kuni mlimani bila shida. Wako wanaodai kwamba ukungu ukishuka hukutana na wenzao wawili wanaotwishana, ambao hawaombi msaada wala hawaitikii salamu. Hilo lisingeninyima usingizi. Wakae huko, wakate kuni zao.

Kinachoninyima usingizi kiko humu ndani. Zipora ana mimba tena. Nilimwambia tangu mwanzo, safari hii ni hospitali, hapa hapa Dodoma, sitaki mjadala. Akatikisa kichwa kukubali. Jana nimerudi kazini nikakuta begi liko kitandani, limejaa nusu.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Kujifungua."

"Nyumbani kwa nani, Zipora? Matonya kahamia Kibaigwa na biashara yake ya mahindi. Ile nyumba imebaki kuta. Kule hakuna mtu wa kukupokea."

"Mama atanipokea."

Nikakaa kitandani. Nikajilazimisha kuongea polepole. "Mama hayupo. Unajua kwamba hayupo."

"Kaniletea neno niende."

"Neno? Nani kalileta?"

Alikuwa anakunja nepi, moja juu ya nyingine, hana wasiwasi, uso umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima.

"Kaja mwenyewe, asubuhi, ulipokwisha kwenda kazini," akasema. "Walikuja wawili."